Namna ya Kuchagua Kihusishi Sahihi Baada ya Kitenzi cha Kiingereza

Kwa mtu aliyekulia Kiswahili, makosa ya vihusishi ndiyo hukawia kumtoka anapoandika Kiingereza. Atakuwa ameshazizoea nyakati za vitenzi, wingi usiofuata kanuni na hata tahajia zake za ajabu, lakini bado ataandika "discuss about", "request for" au "explain me", na hapati wa kumsahihisha kwa kuwa wenzake kazini nao huandika hivyo hivyo. Kiini cha tatizo ni kwamba Kiswahili hubeba ndani ya kitenzi mambo mengi ambayo Kiingereza huyaweka nje yake, katika vineno kama "to", "for", "at" na "of". Mwongozo huu unaifuata tofauti hiyo hatua kwa hatua. Umeacha kwa makusudi zile orodha ndefu za kialfabeti ambazo wanafunzi hupewa wakariri, kwa sababu orodha hizo huchanganya vitenzi visivyohusiana na husahaulika mara tu mtihani unapokwisha.

Hatua ya kwanza: tambua kazi inayofanywa na kitenzi cha Kiswahili

Vihusishi vya Kiswahili ni vichache, na vingi kati yake hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Mzigo mkubwa hubebwa na kitenzi chenyewe kwa njia ya kauli ya kutendea. Anayehama Arusha anaondoka huko, na anayehamia Arusha anakwenda kukaa huko. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja katika hali zote mbili na kuiacha tofauti yote kwenye kihusishi, "move from Arusha" na "move to Arusha". Kumkimbia mtu ni "run away from him", ilhali kumkimbilia ni "run to him". Kumwomba Mungu ni "pray to God", na kumwombea mgonjwa ni "pray for the patient". Silabi moja tu ya Kiswahili imebadilika, na Kiingereza kimebadilisha neno zima lililo nje ya kitenzi.

Upande wa mahali, kiambishi tamati "-ni" hakisemi lolote kuhusu mwelekeo. Yupo shuleni, anakwenda shuleni, ametoka shuleni: neno "shuleni" halibadiliki, kwa sababu mwelekeo umo katika kitenzi. Mwingereza atalazimika kusema "at school", "to school" na "from school". Neno "kwa" nalo ni gumu zaidi. Ukisafiri kwa basi ni "by bus", ukikata kwa kisu ni "with a knife", ukikaa kwa miaka mitatu ni "for three years", ukienda kwa daktari ni "to the doctor", na ukiandika kwa Kiswahili ni "in Swahili". Kwa hiyo anayeuliza "kwa" ni nini kwa Kiingereza ameuliza swali lisilo na jibu. Swali lenye manufaa ni hili: kitenzi cha Kiingereza ninachotaka kukitumia huandamana na kihusishi gani, au hakiandamani na chochote?

Vitenzi vya kuangaliwa kwanza ni vile ambavyo kwa Kiswahili hupokea shamirisho moja kwa moja, bila neno lolote katikati, ilhali vya Kiingereza hudai kihusishi. Kumngoja mtu ni "wait for", kumsikiliza ni "listen to", kumtazama ni "look at", kumcheka ni "laugh at", kumtegemea ni "depend on", na kushiriki jambo ni "participate in". Kihusishi kikidondoka katika vitenzi hivi, sentensi huwa na kilema kinachoonekana wazi. Yapo pia makosa ya aina hiyo ambayo yamezoeleka Afrika Mashariki kiasi cha kutotambuliwa tena. Watu huandika "dispose the waste" wakati kitenzi hiki hakikamiliki bila "of". Husema "I will pick you at the airport" badala ya "pick you up". Na huwaambia wateja "fill this form" badala ya "fill in this form". Maneno hayo huonekana hata katika mabango na matangazo yaliyochapishwa, kwa hiyo kuliona neno limechapishwa si uthibitisho kwamba ni sahihi.

Hatua ya pili: uliza kama kihusishi kinahitajika kabisa

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi kwa waandishi waliosoma, kwani yule aliyekwisha kujifunza kwamba Kiingereza hupenda vihusishi huanza kuviongeza hata pasipotakiwa. Vitenzi "discuss", "mention", "request", "emphasize", "enter", "reach", "approach", "attend", "contact", "resemble", "lack", "affect" na "marry" hupokea shamirisho moja kwa moja. Tunasema "we discussed the budget", "she mentioned the delay", "he requested a receipt", "they reached Dodoma at noon", "I attended the meeting", "he married a teacher".

Kosa hili lina vyanzo viwili. Chanzo cha kwanza ni tafsiri. Tunajadili kuhusu bajeti, tunaweka mkazo juu ya nidhamu, tunaingia katika chumba, tunafanana na mama zetu. Kihusishi cha Kiswahili huvutwa na kuingizwa katika Kiingereza, tukapata "discuss about", "emphasize on", "enter into the room" na "resemble with".

Chanzo cha pili hakitajwi mara nyingi madarasani, nacho nadhani kina nguvu zaidi. Nomino inayohusiana na kitenzi hicho hicho huchukua kihusishi, ingawa kitenzi chenyewe hakichukui. Kuna "a discussion about the budget" lakini "discuss the budget". Kuna "a request for leave" lakini "request leave". Kuna "emphasis on discipline" lakini "emphasize discipline". Vivyo hivyo "a demand for money" na "demand money", "a visit to Bagamoyo" na "visit Bagamoyo", "an attack on the town" na "attack the town", "contact with the customer" na "contact the customer", "access to the account" na "access the account", "a lack of water" na "lack water", "an effect on prices" na "affect prices". Mwandishi ameshaisoma nomino pamoja na kihusishi chake mara nyingi sana, kwa hiyo anapofika kwenye kitenzi, mkono unaongeza kihusishi kile kile bila yeye kufikiri. Kipimo chake ni rahisi: neno likiwa na "a", "the" au "my" mbele yake ni nomino, na huenda likahitaji kihusishi; likiwa ndilo tendo la sentensi, simama kwanza kabla hujaongeza chochote.

Njia nyingine ya kuvizoea vitenzi hivi ni kuvisoma wawili wawili, kama pacha wa maana moja ambao mmoja anahitaji kihusishi na mwenzake hahitaji. "Talk about" ni pacha wa "discuss", "ask for" ni pacha wa "request", "wait for" ni pacha wa "await", "look for" ni pacha wa "seek", "reply to" ni pacha wa "answer", "get to" ni pacha wa "reach", na "go into" ni pacha wa "enter". Mara nyingi yule asiye na kihusishi ndiye rasmi zaidi, na ndiyo sababu makosa haya huonekana hasa katika barua za kiofisi: mwandishi anachagua neno zito, kisha analivisha kihusishi cha neno jepesi. Kwa "marry" pana jambo la ziada, kwani kitenzi hakina kihusishi, lakini hali ya kuwa katika ndoa ni "be married to", si "married with", ijapokuwa kwa Kiswahili mtu hufunga ndoa na mwenzake.

Tahadhari moja inatosha hapa. Vitenzi vichache kati ya hivi huweza kuchukua kihusishi vikiwa na maana nyingine. "Enter into an agreement" ni kufunga mkataba, na "attend to a customer" ni kumhudumia mteja. Hayo si makosa.

Hatua ya tatu: panga vitenzi kwa maana

Vihusishi vya Kiingereza havikutawanywa ovyo kabisa. Vitenzi vyenye maana zinazokaribiana mara nyingi hugawana kihusishi kimoja, na anayelijua kundi hupata msaada hata anapokutana na kitenzi kipya.

Vitenzi vya kuzuia huchukua "from": "prevent", "stop", "ban", "prohibit", "discourage", vyote kwa umbo la "prevent the child from falling". Vitenzi vya kugeuza kitu kuwa kingine huchukua "into": "turn", "change", "convert", "divide", "translate". Kwa hiyo kitabu hutafsiriwa "into Swahili", na keki hukatwa "into eight pieces". Vitenzi vya kumpa mtu kitu au kukijaza chombo huchukua "with" mbele ya kitu kinachotolewa: "provide the clinic with medicine", "supply the school with desks", "fill the tank with water".

Kinyume chake, vitenzi vya kumwondolea mtu kitu huchukua "of": "rob", "deprive", "strip", "rid", na hata "cure", kwani ugonjwa nao ni kitu mtu anachoondolewa. Kihusishi hicho hicho hutumika kwa kumtuhumu mtu: "accuse him of theft", "suspect him of lying", "convict him of fraud". Anayeripoti habari za mahakamani akumbuke kwamba "charge", yaani kumfungulia mtu mashtaka, kimejitenga na wenzake na kuchukua "with": "he was charged with theft, and later convicted of it".

Vitenzi vya kumlipa mtu kwa alichotenda, kiwe chema au kibaya, huchukua "for": "thank", "praise", "blame", "punish", "forgive", pamoja na "apologize", ambacho humtanguliza aliyekosewa kwa "to" na kosa kwa "for", kama katika "apologize to the customer for the delay". Ungetegemea "congratulate" kiwe humo, lakini hukuti. Pongezi za Kiingereza hutolewa "on": "I congratulate you on your success". Kiswahili humpongeza mtu kwa mafanikio yake na kumshukuru kwa msaada wake, "kwa" ikiwa ile ile, na hivyo "congratulate for" hutoka kalamuni kwa urahisi sana.

Kundi la mwisho ni la "at", kihusishi cha shabaha. "Look at", "point at", "aim at", "smile at", "laugh at" na "stare at" vyote huelekeza jicho, kidole au uso kwa mlengwa. Faida ya kulijua kundi hili inaonekana katika kitenzi "throw". Kwa Kiswahili unaweza kumtupia mwenzako mpira na unaweza kumtupia jiwe, na kitenzi hakibadiliki hata kidogo; msikilizaji anaelewa nia kutokana na kile kinachotupwa. Kiingereza hutenganisha nia kwa kihusishi. "He threw the ball to me" ni kunipa ili nidake, na "he threw a stone at me" ni kunifanya shabaha. Ukiandika "he threw the ball at me", umesema alitaka kunipiga nao. Ndivyo ilivyo kwa "shout" pia: "she shouted to me" ni kupaza sauti ili nisikie ng'ambo ya barabara, na "she shouted at me" ni kunifokea.

Hatua ya nne: angalia kama kihusishi kinabadilisha maana

Vitenzi vichache vinavyotumika kila siku huchukua vihusishi mbalimbali, na kila kimoja huleta maana yake. Kitenzi "look" ndicho mfano unaopendwa na walimu: "look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, na "look into" ni kuchunguza. Hapo makosa si mengi kwa kuwa maana ziko mbalimbali. Vinavyohitaji uangalifu ni vile ambavyo maana zake zinakaribiana.

"Agree" hutumika kwa namna tatu. Unakubaliana na mtu au na maoni yake kwa "with", unalikubali pendekezo au ombi kwa "to", na nyinyi wawili mnaafikiana juu ya jambo kwa "on". Mwenye nyumba anaweza "agree with you" kwamba paa linavuja bila ya "agree to" kulitengeneza, na huenda msifike kamwe "agree on" nani atagharamia. Mkataba ulioandikwa kwa "agree with the terms" huonyesha tu kwamba mtu anaona masharti ni mazuri. Kinachotakiwa ni "agree to the terms".

"Apply" hutenganisha kinachoombwa na anayeombwa: kazi, mkopo au pasipoti huombwa kwa "for", na kampuni, chuo au benki hupelekewa maombi kwa "to", kwa hiyo sentensi kamili ni "she applied to the bank for a loan". "Complain" hufuata mpango huo huo, kwani unalalamika "to" kwa mhusika "about" jambo lenyewe. Daktari, hata hivyo, ataandika kwamba mgonjwa "complains of" maumivu ya kichwa. "Hear from" ni kupata ujumbe kutoka kwa mtu, "hear about" ni kupata habari zake, na "hear of" ni kujua tu kwamba yupo.

"Arrive" kina utaratibu wake wa ukubwa wa mahali. Unafika "in" nchini au mjini, "at" penye jengo, kituo au uwanja wa ndege, na hufiki "to" mahali popote. "Arrive to Mombasa" ni kosa, na "arrive at Mombasa" husomeka kana kwamba Mombasa ni kituo cha treni. Neno "home" halitaki kihusishi: "we arrived home late".

Hatua ya tano: amua nani atangulie, mtu au kitu

Kiswahili huruhusu vitenzi vingi sana kumpokea mtu kama shamirisho: alinieleza, alinipendekezea, alinitajia, aliniibia. Kiingereza ni kibahili katika jambo hili. Vitenzi "give", "send", "show", "tell", "lend" na "teach" humkubali mtu moja kwa moja, lakini "explain", "describe", "suggest", "mention", "announce", "report" na "say" humtaka atanguliwe na "to". Kwa hiyo ni "explain the matter to me", na kama jambo lenyewe ni refu, mtu anaweza kutangulizwa pamoja na kihusishi chake: "explain to me why the money has not been paid".

Madhara yake huonekana zaidi katika kauli ya kutendwa. Kiswahili husema nilielezwa, niliibiwa, nilipendekezewa, na mtendwa huwa kiima bila taabu. "I was explained" haikubaliki, kwa sababu mtu hakuwa shamirisho la "explain" tangu mwanzo. Andika "it was explained to me" au, kwa wepisi, "I was told". Ama "I was stolen my phone", ambayo husikika sana, kosa lake linachekesha, kwani anayesema "I was stolen" amedai kwamba mwizi alimbeba yeye mwenyewe. Kitenzi "steal" hujishughulisha na mali na humtanguliza mwenye mali kwa "from": "my phone was stolen", au "he stole a phone from me". Kitenzi "rob" hujishughulisha na mtu: "I was robbed of my phone". Na usiseme "he stole me a phone", kwa maana Mwingereza ataelewa kwamba mwizi aliiba simu ya mtu mwingine akakuletea zawadi.

"Borrow" na "lend" huchanganywa kwa sababu kitenzi kuazima huweza kwenda pande zote mbili: nimeazima kalamu kwake, niazime kalamu yako. "Borrow" ni kuchukua, na hufuatwa na "from". "Lend" ni kutoa, na hufuatwa na "to" au na mtu moja kwa moja. "Borrow me your pen" haina namna ya kuokolewa.

Hatua ya sita: kagua kinachofuata kihusishi

Kihusishi cha Kiingereza hufuatwa na nomino, na kama kinachofuata ni tendo, tendo hilo huvaa umbo la "-ing". Tunasema "insist on paying", "succeed in passing", "accuse him of stealing". Utata uko katika "to", kwani neno hilo lina kazi mbili: wakati mwingine ni kihusishi, na wakati mwingine ni alama tu ya kitenzi, kama "ku-" yetu. Ili kuzitenganisha, weka nomino mahali pa tendo uone kama sentensi inasimama. "I look forward to the holidays" inasimama, kwa hiyo "to" ni kihusishi, na tendo litakuwa "I look forward to meeting you". "I want to the holidays" haisimami, kwa hiyo pale "to" ni alama ya kitenzi, na tunasema "I want to meet you". Vitenzi "object to" na "resort to", pamoja na msemo "be used to" wenye maana ya kuzoea, vyote hupita katika kipimo hiki na kuchukua "-ing".

Katika maswali na sentensi rejeshi, kihusishi hubaki mwishoni, na kwa kuwa Kiswahili hakina kitu kinachofanana na hilo, mara nyingi kinasahaulika. Unamngoja nani ni "who are you waiting for?", na nyumba ninayoishi ni "the house I live in". Wapo waliofundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haifai kuishia kwa kihusishi. Katazo hilo lina historia ndefu, kwani mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilo mwaka 1672, lakini waandishi wazuri wa Kiingereza hawajawahi kulifuata kwa ukamilifu. Katika barua rasmi unaweza kuandika "the house in which I live" ukipenda. Kisichofaa ni kukiacha kihusishi kabisa.

Hatimaye, tofautisha kihusishi na kijineno kinachokamilisha kitenzi, kama "up" katika "look up a word". Weka kiwakilishi badala ya nomino. Kama kiwakilishi kinaingia katikati, "look it up", "fill it in", "pick her up", hicho si kihusishi bali ni sehemu ya kitenzi. Kama kinabaki nyuma, "look after her", "wait for him", hicho ni kihusishi halisi.

Hatua ya saba: isome kamusi kwa jicho la kihusishi

Kamusi ndogo za kutafsiri neno kwa neno hazisaidii hapa. Tumia kamusi ya Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Za Oxford, Cambridge na Longman zinapatikana bure kwenye intaneti. Ukifungua kitenzi, usiishie kwenye maana. Tafuta maneno yaliyokolezwa wino kabla ya mifano, kama "depend on sb for sth", ambapo "sb" ni kifupi cha "somebody", yaani mtu, na "sth" ni kifupi cha "something", yaani kitu. Ramani hiyo fupi inakuambia kwamba kitenzi kina nafasi mbili, moja ya mtu kwa "on" na nyingine ya kitu kwa "for". Andika ramani nzima katika daftari lako pamoja na sentensi moja inayokuhusu, kwa mfano "my parents depend on me for rent", badala ya kuandika kitenzi peke yake na maana yake pembeni.

Kuhesabu matokeo ya utafutaji kwenye intaneti hakufai kuwa hakimu, kwa sababu "discuss about" itakuletea kurasa nyingi sana na utadhani ni sahihi. Afadhali hazina ya matini iliyokusanywa kwa uangalifu, kama British National Corpus yenye maneno takriban milioni 100. Kumbuka pia kwamba Marekani na Uingereza hutofautiana mahali pachache: Mmarekani hujaza fomu kwa "fill out" na humwandikia mtu "write me", ilhali Mwingereza husema "fill in" na "write to me". Zote mbili ni sahihi, ila usizichanganye katika barua moja.

Hatua ya nane: hariri kwa kufuata vitenzi

Unapomaliza kuandika, rudi mwanzo na upigie mstari kila kitenzi, kisha ukikague pamoja na neno linalokifuata tu. Tuchukue barua ya mtu anayeomba kazi ya kutunza stoo, iliyotungwa kwa ajili ya zoezi hili:

"I wish to apply the post of storekeeper advertised on your notice board. I graduated at a vocational college in Mwanza and I now work in a hardware shop, where we deal on building materials and I am responsible to the stock. My employer has always emphasized on honesty. I request for a chance to discuss about my experience with you, and I look forward to hear from you."

"Apply" kimekosa "for", kwani nafasi ya kazi ndiyo inayoombwa. "Graduate" huchukua "from". "Deal" ni cha kutazamwa kwa makini, kwa kuwa "deal with" ni kushughulikia jambo au kufanya biashara na mtu, na "deal in" ni kuuza aina fulani ya bidhaa; duka la vifaa vya ujenzi basi "deals in" vifaa hivyo. "Responsible" ni kivumishi, lakini hufuata utaratibu ule ule: mtu huwa "responsible to" mkubwa wake na "responsible for" kazi aliyopewa, na jinsi ilivyoandikwa barua hii, bidhaa ndizo zimekuwa bosi. "Emphasize", "request" na "discuss" vivuliwe vihusishi vyake. Ile "with you" iliyo baada ya "experience" ibaki, kwa sababu inamtaja mtu wa kujadiliana naye, si jambo linalojadiliwa. Na "look forward to" ifuatwe na "hearing". Barua itasomeka hivi:

"I wish to apply for the post of storekeeper advertised on your notice board. I graduated from a vocational college in Mwanza and I now work in a hardware shop, where we deal in building materials and I am responsible for the stock. My employer has always emphasized honesty. I request a chance to discuss my experience with you, and I look forward to hearing from you."

"On your notice board", "in Mwanza" na "in a hardware shop" hazikuguswa, kwani vihusishi hivyo havidaiwi na kitenzi chochote; vinaonyesha mahali tu, na huchaguliwa kwa kuangalia nomino inayofuata. Ukitaka kumtaja mwajiri badala ya mahali, "work" kitachukua "for", na ukitaka kuutaja wadhifa wako, kitachukua "as": "I work for a building contractor as a clerk".